Ulimsifia rafiki yako mpaka akaumia

Barua ya wiki hii imetoka Katuba, hapa Lubumbashi. Aliyeandika ana miaka 31, anauza kwenye duka la vitenge mjini. Nimeifupisha kwa ruhusa yake.

"Yaya, mkubwa wangu, jambo sana. Toka utoto watu wananiambia nina kinywa cha asali. Patroni wa duka namsifia kila asubuhi, nywele, viatu, hata namna anavyohesabu pesa, na yeye ananipa ruhusa ambazo wenzangu hawapati. Mama mkwe naye ni hivyo hivyo. Sasa nina rafiki tuliyekua naye avenue moja, ni fundi wa kushona. Alinishonea blauzi tatu bure, na kila moja nilimwambia hakuna fundi kama yeye Lubumbashi nzima. Ukweli, ile ya tatu mkono wa kushoto unanibana hadi leo. Mwezi wa nane akapata kazi ya harusi, sare za wanawake 12. Alikuwa na woga, akaja kuniuliza kama ataiweza. Nikamwambia: wewe? Utawashinda hata wa mjini! Sare zikaharibika. Mikono inabana, kola zimesimama. Wanawake saba wamezirudisha na wanadai vitenge vyao. Ameuza mashine moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Aliniambia neno moja tu: 'Ulikuwa unajua, na haukuniambia.' Toka siku ile hanisemeshi. Nimemtumia ujumbe, nimemwita malkia, nimemwambia hakuna rafiki kama yeye duniani. Hajibu. Yaya, nipe maneno ya kuulainisha moyo wake."

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama kwenye mstari wa mwisho. Unaniomba maneno. Rafiki yako ameumizwa na maneno yako matamu, na wewe unatafuta matamu zaidi umpelekee. Hayo sitakupa. Sikunyimi kwa kukuchukia. Ungeweza kuificha ile blauzi ya tatu nisijue kamwe, lakini umeiandika kwa mkono wako mwenyewe, na hapo nikaona una moyo wa kutengeneza jambo hili.

Tumekua na methali ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji. Siku zote lawama tunamtwika yeye: kichwa kimevimba, sifa zimemlevya. Mimi leo nataka kumuuliza yule aliyemsifia. Alionja kwanza? Au alitaka tu ajaziwe kibuyu bila kulipa? Rafiki yako hakuharibu kazi kwa kiburi. Alikuja kwako na woga wake mkononi, kwa sababu wewe ndiye uliyevaa kazi yake. Swali lake lilikuwa la kweli, na jibu ulikuwa nalo kwenye mwili wako, pale kwapani. Ukamvika kilemba cha ukoka, akaenda nacho hadi kwenye harusi ya watu.

Nimeshona miaka mingi, kwa hiyo nivumilie kidogo hapa. Mkono ukibana, mara nyingi kosa liko kwenye shimo la mkono: limekatwa dogo, au limekaa mahali pasipo pake. Kitenge ni pamba, hakivutiki, hakisamehe. Lakini fundi akiambiwa mapema, analiona. Anafumua, anachukua mkasi, anaongeza shimo kidogo kidogo huku akipima, na kama aliacha kitambaa ndani ya mshono anapata nafasi ya kupumua. Ni kazi ya jioni moja. Na akishaikosea blauzi moja na kuirekebisha kwa mikono yake, zile 12 anazikata kwa akili nyingine. Somo lile lilikuwa kabatini kwako, limekunjwa vizuri, na mwenye kulihitaji alikuwa anapita mlangoni kwako kila siku. Hilo ndilo linalomuuma, kuliko hata mashine aliyouza.

Najua utaniambia sisi ni watu wa kusifiana. Ni kweli, na mimi sikatai. Wanamuziki wetu wanatupa libanga, wanamtaja tajiri katikati ya wimbo naye anatoa pesa. Ila kila anayecheza wimbo ule anajua jina lile limelipiwa. Hakuna anayekata vitenge vya watu kwa kuliamini. Ndugu zetu Waluba nao wana kasala, utenzi wao wa kumsifu mtu. Nimekaa kwenye kilio hapa hapa mjini, nikamsikia mama mmoja akimwita marehemu kwa majina ya baba zake na babu zake, akitaja aliyoyatenda, moja baada ya jingine, na marehemu mwenyewe hana tena cha kumpa. Sikuwa ndugu wa yule mtu, lakini nililia kama ndugu. Aliyeimba alikuwa amemwona mtu anayemsifu.

Zipo na sifa za aina nyingine, tuliosoma wakati wa Zaire tunazijua. Tuliimba na kucheza animasio kumsifu rais Mobutu, makofi na nyimbo, kabla hata ya kufungua daftari. Mimi nilikuwa na sauti nzuri, wakaniweka mstari wa mbele. Ninachokumbuka zaidi ni mwalimu wangu, akiimba kwa nguvu kuliko sisi sote, macho yake yako chini. Sisi tulilazimishwa, wewe hakuna aliyekulazimisha. Ndiyo maana nakusemesha kwa ukali huu.

Kuhusu patroni wako sina mengi. Kumsalimia kwa heshima ni haki yake, na siku akivaa vizuri mwambie. Lakini kila ruhusa unayoipata kwa kusifia viatu, kuna mwenzako anayebaki dukani mahali pako. Mama mkwe msifie sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, kama ni tamu kweli. Chumvi ikizidi, kula unyamaze.

Turudi kwa rafiki yako. Ujumbe wa simu acha kabisa. Nenda kwake kwa miguu yako, Jumamosi jioni, saa ambayo fundi ameshaweka kazi chini. Beba pesa ya blauzi tatu, kwa bei ile ile anayowatoza wengine. Usiseme ni zawadi, sema ni deni. Kisha mwambie lililotokea kama lilivyotokea: ya tatu ilinibana toka siku ya kwanza, nikanyamaza kwa sababu nilitaka unishonee na ya nne. Neno hilo litakuunguza mdomo. Liseme hivyo hivyo, usilipambe, usilie ili akuonee huruma.

Muulize amebaki na vitenge vingapi vya kulipa, na uchukue sehemu yako. Unafanya kazi dukani, bwana! Nenda kwa patroni umwombe vitenge hivyo akupe kwa mkopo, akate kidogo kidogo kwenye mshahara wako. Mwambie wazi ni vya nani na kwa nini.

Na zile sare saba zilizorudi, usikubali zitupwe. Baadhi zinaweza kupona kwa kutia kipande cha pembe nne chini ya kwapa, kikatwe kwenye masalio ya kitenge kile kile. Kazi ya kufumua ni ndefu na inachosha macho, hata asiye fundi anaiweza. Omba wembe, ukae chini, ufumue. Asipotaka kuongea, fumueni kimya.

Huenda asikufungulie. Basi pesa mwachie mama yake, urudi Jumamosi nyingine, bila ujumbe katikati. Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe, na wewe usimdai hilo.

Ile blauzi ya tatu, ivae siku unayokwenda. Akikufungulia, inua mkono wa kushoto, umwonyeshe mahali inapobana.