Kwa mnaoanza kazi ya jeni za sokwe Kigoma: shikeni majina kwanza

Wadogo zangu mnaokuja Kigoma kushughulikia sampuli za sokwe, wengi mnafika mmeshaiva kwenye PCR, ile mbinu ya kunakili DNA maabara, na mna hamu ya kupanda boti kwenda Gombe. Vizuri. Ila kitakachowachelewesha zaidi ni majina ya jeni, na hilo chuoni hulipitia juu juu.

Jeni moja inaweza kuwa na majina kadhaa, kama samaki tunayemwita mgebuka hapa Kibirizi, ambaye Bujumbura wanamwita mukeke. Tofauti ni kwamba samaki unamwona, jeni huioni. CCR5, mlango ambao SIV, virusi vya nyani na sokwe vilivyo ndugu wa VVU, hupitia kuingia kwenye seli, katika makala za zamani ni CMKBR5. Ukitafuta kwa jina jipya tu, zile zinakupita. Kibaya zaidi ni jina moja kubeba jeni mbili. Ukisoma "p38", mwandishi mmoja anamaanisha MAPK14, mwingine AIMP2.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote ingieni kwenye kanzidata ya HGNC, kamati inayoidhinisha majina ya jeni za binadamu, mchukue jina pamoja na namba yake. TP53 ni HGNC:11998. Jina linaweza kubadilishwa kesho, namba inabaki. Mimi jedwali lisilo na safu ya namba silisomi, namrudishia mwenyewe.

Wanyama wengine wenye uti wa mgongo wana VGNC, kamati kama hiyo kwa ajili yao, na sokwe ndiye waliyeanza naye. Jeni yake ikithibitika kuwa othologi, yaani imetokana na jeni ileile ya babu yetu wa pamoja, hupewa jina lilelile la binadamu. Binadamu na sokwe huandikwa kwa herufi kubwa tupu, TP53. Panya mdogo wa maabara (mouse) ni Trp53. Jeni kwa italiki, protini wima. Hayo ni ya siku moja tu.

Shughuli ipo kwenye familia. Chukueni CYP2D6, kimeng'enya kinachoiamsha primakwini, dawa ya malaria, mwilini. CYP ni ukoo mzima, 2 ni familia, D ni tawi lake, 6 ni jeni yenyewe. Protini zinazofanana zaidi ya asilimia 40 hivi huwekwa familia moja, zaidi ya asilimia 55 tawi moja. Sasa angalieni panya huyohuyo mdogo: tawi hilo kwake lina jeni tisa zinazofanya kazi, na hakuna inayoitwa Cyp2d6. Zilijinakili upande wake baada ya njia zetu kutengana. Kwa hiyo ukiona majina ya spishi mbili yana namba zinazokaribiana, usihitimishe kuwa kazi ni moja. Jina linakuambia undugu, kazi hupimwa.

Excel nayo ina vituko vyake. Ukibandika SEPT2 inakugeuzia 2-Sep, MARCH1 inakuwa 1-Mar, na haikuulizi. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta kasoro za namna hii katika takriban moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel. Mwaka 2020 kamati ikatangaza SEPTIN2 na MARCHF1 (yaani binadamu ndio waliosalimu amri kwa programu!). Mafaili ya zamani bado yapo, kwa hiyo safu ya majina iwekeni kuwa maandishi kabla ya kubandika.

Jeni za kinga, MHC, zina utaratibu wake. Patr ni Pan troglodytes, jina la kisayansi la sokwe, herufi mbili mbili. Patr-B*06:03, aleli (yaani toleo mojawapo la jeni) iliyochunguzwa kwa sokwe wa Gombe kuhusiana na SIV, isomeni hivi: spishi, jeni, kundi la aleli, kisha protini mahususi. Windows haikubali nyota wala nukta mbili kwenye jina la faili, ndiyo maana mtakutana na "PatrB0603" na mengine ya kila aina. Faili liiteni mnavyoweza, lakini ndani ya jedwali jina liwe kamili.

Mkipata aleli isiyokuwepo kwenye kanzidata ya IPD-MHC, msiibatize wenyewe. Wapelekeeni mfuatano wake waipe jina, na kwa kipindi hicho tumieni namba ya sampuli ileile iliyoandikwa kwenye kichupa cha kinyesi.