Ukimaliza gemu ukabaki na majonzi

Kibanda changu cha gemu kipo Jang'ombe, Unguja, kimepakana na fundi cherehani upande mmoja na muuza mkaa upande wa pili. Mashine mbili, tivii mbili, benchi la mbao. Mchana kutwa ni mpira tu. Watoto wakitoka skuli, wakitoka chuoni kusoma Kurani, wanakuja na mia tano zao, wanafungana mabao mpaka magharibi. Nikishafunga mlango saa nne usiku ndipo nacheza ya kwangu, na kwa miezi minne ya kwangu ilikuwa moja, Red Dead Redemption 2.

Walioicheza wanajua ninakokwenda. Kama unaicheza sasa na hujafika mwisho, ishia hapa, urudi ukimaliza. Kwa asiyeijua, gemu hiyo ilitoka Oktoba 2018, na kisa chake ni cha Marekani mwaka 1899, zama za majambazi wapanda farasi zilipokuwa zinafikia ukingoni. (Huku kwetu mwaka huo jumba la Beit al-Ajaib lilikwishasimama pale Forodhani miaka 16.) Unayemwendesha anaitwa Arthur Morgan, jambazi, mtu mzima, mkali, mwenye huruma asiyotaka watu waione. Njiani anaambukizwa kifua kikuu, na mwishoni anakufa. Hakuna ufundi wa kumwokoa. Ucheze vizuri, ucheze vibaya, atakufa.

Nilipomaliza ilikuwa karibu saa nane za usiku. Nilizima tivii, nikakaa gizani juu ya benchi, nikalia. Siku tatu zilizofuata nilikuwa mtu wa kuitwa mara mbili ndipo aitike, na chakula hakipiti. Kilichonisumbua kuliko hata huzuni yenyewe ni aibu: mwanamume mzima, nina wateja, nina kodi ya kulipa, namlilia mtu ambaye hakuzaliwa.

Aibu hiyo ndiyo ninayotaka nikuvue wewe utakayefika pale nilipofika.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hakosi mchezo wa redio. Kulikuwa na mchezo mmoja wa mwari aliyeolewa akaonewa na mawifi, na jioni aliyokufa yule mwari Bibi aliacha wali wake kwenye sahani, akajifunika kanga, akalala bila kusema na mtu. Hatukumcheka. Mama alifunika ile sahani kwa kawa, basi. Na wasomi waliliona jambo hili zamani: mwaka 1956 Wamarekani wawili, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya urafiki wa upande mmoja, ule unaojengeka kati ya mtu na wale anaowaona kwenye televisheni na kuwasikia redioni. Lakini waliyemtazama wao ni mtu aliyekaa kitini anaangalia. Kwenye gemu mikono yako imo.

Arthur nilimlisha kwa mikono yangu. Ndevu zake zinaota, usipomnyoa zinamfunika uso. Asipokula anakonda. Farasi wake anataka kupigwa brashi, kulishwa, kupapaswa shingoni, na mazoea yenu naye yanapanda daraja moja moja mpaka la 4. Kila usiku nilianza na hayo kabla sijagusa kazi nyengine. Mtu uliyemnyoa na kumlisha miezi minne si picha tena kwako. Sisi tunajua kwamba mama aliyelea analia sawasawa na mama aliyezaa. Basi na hapa ni kulea tu, ukubwa wake ndio mdogo.

Dada yangu yuko Muscat, mwaka wa tatu huu. Nilipomweleza kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe humlilii huyo. Unanililia mimi." Mashine ya kwanza ni yeye aliyeninunulia kabla hajaondoka, kwa hiyo najua alikotoa maneno hayo, na aliyasema kwa mapenzi. Lakini nilimkatalia, na leo bado namkatalia. Dada namkumbuka kwa njia yake: nikipita Darajani nikasikia harufu ya udi alioupenda, au Idi inapofika na sahani yake haipo. Yule nilimlilia kwa ajili yake mwenyewe. Watu wakikuona unalia kwa sababu ya gemu watakutafutia msiba mwengine unaokubalika, wauweke nyuma ya machozi yako ili yapate heshima. Usiwape nafasi hiyo, wala usijifanyie mwenyewe. Kama kuna jambo jengine chini yake litapanda lenyewe kwa wakati wake.

Mimi kilichonichoma zaidi ni ule ugonjwa. Daktari wa Saint Denis, mji wa kubuni wa kwenye gemu, anamwambia apumzike, atafute mahali pa joto na pakavu. Dawa hana. Mdudu wa kifua kikuu alikuwa ameshajulikana tangu 1882, Robert Koch ndiye aliyemtambua, lakini streptomycin, dawa ya kwanza ya kumuua, haikupatikana mpaka 1943. Jirani yangu alikohoa mpaka damu, akaenda hospitali, akameza vidonge miezi 6 bila kutozwa, na leo asubuhi nimenunua urojo kwake. Nikawa nimeshika pedi ya kuchezea namwona Arthur anajipinda kwa kikohozi, mimi peke yangu kibandani nasema kwa sauti, njoo huku nikupeleke hospitali ya Mnazi Mmoja. Ukijisikia unamwambia mhusika maneno ya namna hiyo, hujaharibikiwa na kitu.

Sasa nikueleze nilipokosea. Siku ya nne nilianza gemu upya. Nilidhani nikimwona mzima nitapoa. Mwanzo wa kisa wako milimani kwenye theluji, ana nguvu zake, sauti yake imejaa, na usiku ule kweli nilifurahi. Kisha likaja lile shamba la Downes. Downes ni mkulima mnyonge mwenye deni, na Arthur anatumwa akamdai kwa ngumi. Ndipo yule mtu anapomkoholea damu usoni, na ugonjwa ukamwingia. Kisa hakisongi mpaka ufanye kazi hiyo. Nilifika kwenye uzio, nikamshusha kwenye farasi, nikasimama. Kidole kiko juu ya kitufe, na mtu wangu anapumua vizuri bado hajui. Nilisimama pale nadhani robo saa. Nikazima mashine, na usiku ule ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu safari hii nilijiona kama mimi ndiye ninayempeleka.

Kwa hiyo usianze upya mapema. Acha miezi ipite. Na usirukie gemu nyengine usiku uleule. Utamchukia bure mhusika mpya kwa kosa la kutokuwa wa zamani. Gemu yenyewe ilinifanyia hivyo: Arthur akishakufa, kisa kinaruka mpaka 1907 na unakabidhiwa John Marston, mwenzake. John hana ubaya, lakini siku mbili sikutaka hata kumwangalia. Arthur alikuwa na daftari, anaandika siku yake, anachora ndege na miti kwa mkono mwepesi. Daftari lile linabaki kwa John, na John hajui kuchora. Nilipofungua kurasa mpya nikaona mistari ile migumu ya mtu asiyezoea kalamu, hapo ndipo moyo wangu ulipokubali kwamba Arthur hayupo tena. Kifo chenyewe nilikiona, lakini nilikisadiki kwenye daftari.

Kilichonitoa kilikuwa baraza.

Karibu na kibanda wazee hukaa alasiri, mzee mmoja na dele lake la kahawa, kashata kwenye sinia, bao pembeni. Mimi hupita nikawaamkia nikaenda zangu. Siku hiyo mmoja wao, mwalimu mstaafu tunayemwita Maalim, akanishika mkono. "Mwanangu, siku hizi una nini? Umefiwa?"

Nilitaka kusema hapana. Nikajikuta nasema, "Nimefiwa, Maalim, lakini ni mtu wa kwenye gemu."

Nilisubiri kicheko. Akasogea, akanipigia mkono kwenye baraza nikae. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikaanza. Mara ya kwanza katika miezi ile yote nilimsema Arthur kwa Kiswahili, na Kiswahili kilinilazimisha nimwelewe. Niseme alikuwa mtu mbaya? Aliua, aliiba. Niseme mwema? Alipojua anakufa aliutumia uhai uliobaki kuwatoa wengine hatarini. Nilitafuta neno, na mzee wa kahawa akanipa: "Alitubia mlango wa jioni." Nikasema naam, ndivyo. Walinikatiza kwa maswali yao. Hana mama? Hana mke? Huyo mkubwa wake aliyemlea tangu utotoni, ndiye aliyemwacha? Wakalaani kidogo. Nilipofika kwenye ile mbio ya mwisho, Maalim aliuliza, "Na farasi?" Nikamwambia farasi alipigwa risasi njiani, na Arthur, maadui wako nyuma yake, alipiga goti akamshukuru kabla ya kuendelea. Wazee wakanyamaza. Mmoja akasema, "Masikini," polepole, akiangalia kikombe chake.

Kahawa yangu ilikuwa imepoa. Usiku huo nilikula.

Basi tafuta mtu mmoja wa kumhadithia. Si lazima ajue gemu, na mimi naona ni bora asiijue, kwa sababu anayeijua mtaishia kubishana ungechagua bunduki ipi. Asiyeijua atakuuliza mtu wako alikuwa nani. Mhadithie kwa lugha yako ya nyumbani, tangu mwanzo, bila haraka. Na ukikosa mtu, andika kwenye daftari. Nililianza langu wiki ile, nina kurasa 11, ndani yake mna mchoro wa farasi ambao hata John angeushinda, lakini ni wangu.

Mipaka naijua. Sikumsomea hitma wala sikumwekea matanga. Hayo ni ya wanadamu. Na nisingependa huzuni hii imle mtu. Zikipita wiki mbili tatu hulali, huli, kazi imekushinda, sala zinakupita, hilo limeshavuka gemu, na mwambie mzazi au mtu wa karibu akusindikize hospitali.

Kwa wazazi na makaka nina ombi. Kuna mtoto wa kama miaka 13 alikuwa anakuja kwangu kila akitoka chuoni kucheza gemu ya kisa, nusu saa kwa mia tano, wiki nyingi sana. Siku aliyomaliza, majina ya watengenezaji yakawa yanapanda kwenye tivii, na yeye pedi iko mapajani, machozi yanamshuka. Wenzake wakaanza, toka, zamu yetu. Kaka yake akamwambia, "Gemu tu hiyo, inuka." Niliona bega la yule mtoto likirudi nyuma, kama mtu aliyefungiwa mlango. Nikawaambia wote wasubiri. Nikayaacha majina yapite mpaka la mwisho, na dakika zile sikumtoza. Halafu nikakaa naye benchini, nikamuuliza alichoniuliza Maalim. Alizungumza mpaka adhana ya magharibi, na kaka yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani ili asikie vizuri.

Maneno "gemu tu hiyo" hayamfundishi mtoto chochote zaidi ya kulia akiwa amejificha.

Arthur ana kaburi. Ukimaliza kisa, mpeleke John juu milimani Ambarino, jimbo la kwenye gemu. Mwenzao Charles ndiye aliyemzika. Ukiwa uliishi vizuri katika gemu utakuta maua. Usiende haraka, mimi nilikwenda baada ya mwezi. Nilimwacha farasi mbali kidogo, nikafika kwa miguu, nikamvua John kofia. Nje fundi cherehani alikuwa anafunga duka lake. Nilikaa pale mpaka jua la kule likazama, kisha nikazima mashine, nikatafuta funguo.