Maswali ya Wasomaji: Je, Tulale Katika Hoteli Inayodaiwa Kuwa na Mzuka?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao mimi na mume wangu tutasafiri kwa gari kutoka Denver kwenda Santa Fe, nchini Marekani, naye amepania tulale usiku mmoja katika hoteli ya St. James, iliyoko katika mji mdogo wa Cimarron, jimbo la New Mexico. Nimesikia kwamba watu 26 waliuawa humo, na kwamba chumba namba 18 hakifunguliwi kwa wageni kwa sababu ya mzuka uliomo. Mume wangu anacheka, mimi sicheki. Habari hizi zina ukweli kiasi gani, nasi tukilala humo tutarajie nini?

JIBU: Dada yetu, umeletewa mambo mawili yaliyopikwa katika chungu kimoja, nawe huwezi kuamua vyema kabla ya kuyatenganisha.

Lipo kwanza lile lenye kumbukumbu. Hoteli hiyo ilianza mwaka 1872 ikiwa baa ya Henri Lambert, mpishi Mfaransa aliyefika pande hizo akitafuta dhahabu, kisha akatambua kwamba kuwauzia chakula na pombe wachimbaji, wachunga ng'ombe na wasafiri wa njia ya misafara ya Santa Fe kulikuwa na faida ya uhakika zaidi kuliko kuchekecha mchanga mtoni. (Husimuliwa pia kwamba aliwahi kumpikia Rais Lincoln, hilo mimi nalipokea kama tangazo zuri la biashara.) Damu iliyomwagika Cimarron, hata hivyo, haikutokana na ulevi na karata peke yake. Ardhi yote ya eneo hilo, zaidi ya ekari milioni 1.7, iliuzwa mwaka 1870 kwa wawekezaji wa kigeni, na kampuni yao ilipoanza kuwafukuza watu waliokuwa wamekwisha kulima na kufuga humo, ugomvi ukageuka kuwa vita vidogo. Mchungaji Franklin Tolby wa kanisa la Methodisti, aliyewatetea wakazi hao, alikutwa amepigwa risasi Septemba 1875. Wiki chache baadaye, mtu mmoja aliyeshukiwa kuhusika na mauaji hayo akanyongwa na kundi la watu wenye hasira, na tarehe 1 Novemba Clay Allison, mwenye bastola aliyeogopwa sana, akamuua Pancho Griego ndani ya baa ya Lambert. Kifo hicho kina jina, tarehe na mahali. Hesabu ya 26 nakushauri uiweke upande wa masimulizi, ingawa hakuna mwenye akili atakayedai kwamba nyumba hiyo ilikuwa tulivu: kwenye dari la bati la chumba cha kulia bado yanaonekana matundu ya risasi zaidi ya 20, nawe utayahesabu mwenyewe ukisubiri chakula.

Masimulizi ndiyo yanayotawala ghorofani. Inasemekana kwamba mtu aitwaye T. J. Wright aliishinda hoteli nzima katika mchezo wa karata, akapigwa risasi ya mgongo alipokuwa akirudi chumbani, akafia katika chumba namba 18, na tangu hapo hataki mgeni. Chumba cha jirani, namba 17, huhusishwa na Mary, mke wa Lambert, ambaye eti hujulikana kwa harufu ya waridi. Chumba namba 18 kweli hakipangishwi. Lakini tafakari kidogo: mlango uliofungwa humlea mzuka kuliko makaburi kumi, kwa kuwa hakuna mgeni anayeweza kutoka humo asubuhi na kusema kwamba alilala vizuri.

Kuhusu utakayoyasikia usiku, nakuhakikishia kwamba utasikia kitu. Cimarron iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika hewa kavu ambayo mchana huwa na joto na usiku hupoa ghafla, na mbao za zamani hutanuka na kusinyaa kwa mabadiliko hayo, zikilia mfano wa hatua za mtu. Tena, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha mwaka 2016 kwamba mtu anapolala mahali pageni usiku wa kwanza, upande mmoja wa ubongo wake hausinzii sawasawa na wa pili, bali hubaki kama mlinzi na kushtuka kwa sauti ndogo. Ukiongeza jinamizi, hali ile ya kuzinduka huku mwili umekataa kusogea na kifua kimekandamizwa, unapata karibu kila kisa kinachosimuliwa na wageni wa hoteli za namna hii. Harufu ya waridi nayo humjia kwa urahisi zaidi aliyekwisha kuambiwa aitarajie.

Jambo moja ningelichunguza katika jengo lolote kongwe, hata lisilo na sifa ya mizuka: kama chumbani kuna king'ora cha monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyosikia hatua, ikaona watu wasiokuwapo na kuamka na maumivu ya kichwa. Chanzo kikawa tanuri bovu la kupashia nyumba joto, lililokuwa likivujisha gesi hiyo.

Hoteli ina jengo la kale na nyongeza ya kisasa, kwa hiyo mtaje wazi mnachotaka mnapoweka nafasi. Kama hofu yako ni ya kukunyima usingizi kweli, laleni kwenye nyongeza, mle chakula chini ya yale matundu, kisha mpande ghorofani mchana kutazama. Ukiamua kulala katika jengo la kale, soma dua yako kama usomavyo siku zote, na usimruhusu mume wako kugonga mlango wa namba 18 usiku wa manane ili akuchekeshe, maana wageni wa vyumba vya jirani wamelipia usingizi wao.