Tovuti nyeusi, viungo havionekani

SWALI: Natengeneza tovuti ya hoteli hapa Jinja. Mandharinyuma ni nyeusi tii, maandishi meupe pe. Wateja wanasema macho yanawauma na viungo (maneno ya kubofya) hawavioni. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, acha weusi kamili. Weka mandharinyuma yenye msimbo wa rangi #121212 (kijivu cheusi) na maandishi #E0E0E0 (kijivu cheupe). Nyeupe tupu juu ya nyeusi tupu hufanya herufi zionekane kutawanyika, hasa kwa wenye astigmatizimu (kasoro ya jicho inayotia ukungu). Viungo ndivyo tatizo kubwa: buluu ya kawaida ya kivinjari, #0000EE, hapo hupata utofauti wa mwangaza na mandharinyuma wa takriban 2:1, ilhali maandishi madogo yanahitaji angalau 4.5:1. Tumia #8AB4F8 (buluu hafifu), na uvipigie mstari. Usiwaahidi wageni kwamba mandharinyuma nyeusi itaokoa betri. Hilo ni la skrini za OLED, ambazo kila nukta hujiwakia yenyewe, si LCD, ambazo taa ya nyuma huwaka daima.