Kwa mnaoanza uhusiano wa kimataifa: kujitegemea sio kujitenga

Wadogo zangu mnaoanza semista ya kwanza hapa Dar, nawaandikia mapema kabla ya asaimenti maana mimi hili liliniumiza. Niliandika kwamba Tanzania ya Mwalimu ilikuwa nchi ya kujitenga, na ushahidi wangu ukawa neno moja tu, kujitegemea, la kwenye Azimio la Arusha. Lekchara akazungushia wino mwekundu, pembeni akaandika "mwaka huo kulitokea nini kingine?" Maksi 5 kati ya 15.

Nikaenda kutafuta. Azimio ni Februari 1967. Juni mwaka huohuo sisi, Kenya na Uganda tunasaini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Kampala, halafu Septemba tunakubaliana na China na Zambia kuhusu reli ya Tazara, ya kutoka Dar mpaka Zambia, mwaka uleule mmoja jamani! Ukishuka daladala pale Tazara siku moja ingia stesheni, litazame lile jengo, reli inaanzia pale inaenda kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na sababu kubwa ni kwamba Zambia ilikuwa imebanwa, haina bahari na mizigo yake ilikuwa inapita Rhodesia (Zimbabwe ya leo), nchi iliyotawaliwa na walowezi wa kizungu. Sasa nchi iliyojitenga inamtafutia jirani njia ya baharini ya nini?

Halafu kuna ile ya Desemba 1965, tulipovunja ubalozi na Uingereza. Wengi mnaiweka kwenye kujitenga, mi naona ni kinyume kabisa, kwa sababu uamuzi ulikuwa wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, nchi zilikubaliana kuvunja ubalozi kama Uingereza haitawazuia walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru, ila waliotekeleza wakawa wachache, sisi tukiwemo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tukaukosa. Huko ni kushikamana na wenzako hadi inakuuma mfukoni.

Marekani nayo kila mtu anaandika ilijitenga kwa kuwa Seneti ilikataa mkataba wa Versailles 1919, ule wa amani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, sawa, lakini miaka ya 1920 benki zao zilikuwa zinaikopesha Ujerumani, kwa hiyo kila mara uliza wamejitenga kwenye nini.

Mkitaka mlango uliofungwa kweli someni mpaka wetu na Kenya, 1977 jumuiya imekufa, mpaka ukafungwa hadi 1983. Na msiishie laibrari, mtafute mzee aliyekuwa anafanya biashara pale mpakani Namanga kipindi kile, mkae naye awasimulie alikuwa anavusha nini na baada ya kufungwa alikula nini, ndo mkaandike.