Maswali na majibu: Andiko la shahada mpya linakwama wapi?

Barua za wiki hii zimeangukia jambo moja: programu mpya za shahada katika vyuo vikuu vya umma, zinavyopitishwa na masharti yanayokuja nazo. Nimekaa kwenye kamati ya mitaala miaka kadhaa, hivyo najibu kama mtu wa upande wa wanaorudisha maandiko.

Idara yetu iliandika andiko la shahada ya sayansi ya data. Idarani lilipita kikao kimoja. Sasa ni mwezi wa saba liko kamatini. Linakwama wapi? (Mhadhiri)

Pole, mwenzangu. Njia yenyewe unaijua: idara, bodi ya kitivo, kamati ya mitaala, Seneti, kisha Baraza la Chuo pale panapoguswa fedha na watumishi, na katika nchi nyingi mamlaka inayotoa ithibati, yaani kibali rasmi kwamba chuo au programu inafikia viwango. Idarani lilipita upesi kwa sababu wote mliokaa pale mnalitaka. Kamatini wapo watu wasiolitaka wala kulichukia, wanalisoma tu.

Na hatuanzi na kurasa za mahitaji ya soko la ajira. Kila andiko linazo, na zote zinafanana. Tunafungua kwanza kiambatisho cha walimu. Niliwahi kukuta mhadhiri mmoja katajwa kwenye programu nne. Ukijumlisha vipindi vyake, hakuwa na siku ya kusahihisha hata jaribio moja. Halafu tunajumlisha krediti, yaani kipimo cha uzito wa kila somo, kwa kalamu, mwaka hadi mwaka. Mwisho tunafuata masharti ya awali, somo kwa somo. Andiko moja lilitaka mwanafunzi afaulu Takwimu II kabla ya kusoma ujifunzaji wa mashine (kuifundisha kompyuta kwa data). Sawa kabisa, ila Takwimu II ilipangwa muhula wa tano, na hilo lingine muhula wa nne! Idara nzima ilikuwa imesaini. Likarudi, na likirudi linasubiri kalenda ya vikao upya. Hapo ndipo miezi inapoliwa.

Fanyeni hivi: chukueni mwanafunzi wa kubuni, mpitisheni muhula kwa muhula mpaka ahitimu. Kisha mpitisheni wa pili, aliyefeli somo moja mwaka wa kwanza. Huyo wa pili akilazimika kuongeza mwaka mzima kwa somo moja, masharti yenu yamebana mno, na heri mligundue nyinyi kabla yetu.

Idara ya Hisabati nayo imeandika kutupinga, eti takwimu ni zao. Hii si roho mbaya? (Mhadhiri huyo huyo)

Roho mbaya ipo, kidogo. Lakini idadi ya wanafunzi ndiyo hoja ya idara inapoomba nafasi za ajira, nanyi mnawachukulia wanafunzi. Waombeni wao ndio wafundishe somo hilo, mpate barua ya ridhaa, muiambatishe. Kamati ikiiona barua hiyo, mjadala unakufa hapo hapo.

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili. Mtaala umebadilishwa, limeongezwa somo la lazima la mwaka wa kwanza. Nirudi nyuma nikalisome? (Mwanafunzi)

Marahaba. Kwa desturi ya vyuo vingi, unabanwa na masharti ya mwaka uliojiunga, na mtaala mpya unaanza na wanaoingia. Andiko zuri la mabadiliko huwa na kipengele cha mpito kinachosema waziwazi waliopo watafanyiwa nini. Omba kukiona. Kama hakimo, kamati imelala, na una haki ya kuuliza kwa maandishi kupitia kwa mkuu wa idara.

Angalia mambo mawili. Ukiahirisha masomo, mara nyingi unaporudi unakutana na mtaala mpya. Na kama taaluma yako ina bodi ya usajili, kama uuguzi au uhandisi, chuo kinaweza kukusamehe somo ambalo bodi itakudai siku ya kuomba leseni. Kitabu cha mwongozo cha mwaka wako usikitupe hata kikichakaa.

Rafiki yangu anahitaji krediti 120 apate shahada nzima Marekani. Mimi Uingereza nadaiwa 360. Mimi napunjwa? (Msomaji)

Hupunjwi, vipimo ni tofauti. Uingereza krediti 1 inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, darasani na nje ya darasa, na mwaka una krediti 120. Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS mwaka una krediti 60, kila moja saa 25 hadi 30, na shahada ya kwanza ni 180 hadi 240. Marekani, krediti 1 kwa kawaida ni saa 1 ya darasani kwa wiki, muhula mzima, pamoja na saa kama 2 za kujisomea. Ndiyo maana anayehamisha masomo huombwa muhtasari wa kila somo, siyo jumla ya krediti peke yake.

Kijana wangu kapata nafasi kwenye programu mpya. Wanasema chuo kina ithibati, ya programu "iko njiani". Alipe ada? (Mzazi)

Asilipe bado. Ithibati ya chuo ni kitu kimoja, ya programu ni kingine, na kukubaliwa na bodi ya taaluma ni cha tatu. Mtu anaweza kuwa na cha kwanza akakosa viwili. Nenda naye, mama, muombe kuona barua yenyewe ya mamlaka. Someni jina la shahada neno kwa neno kama lilivyo kwenye tangazo, halafu tafuteni tarehe ya mwisho, maana ithibati nayo huisha muda, na kijana bado ana miaka mitatu au minne darasani.