Talaka ya Marekani, akiba ya uzeeni na wakili aliyeshika jalada

SWALI: Nimerudi Mwanza baada ya talaka iliyotolewa Marekani. Mahakama ilinipa nusu ya akiba ya mume wangu wa zamani katika mfuko wa 401(k) wa mwajiri wake. Nina miaka 46, si raia wa huko wala sina tena ukaazi, na nataka kununua kiwanja Buswelu. Wakili wangu hajaandika amri ya mgawanyo, tena anashikilia jalada hadi nilipe deni ninalolipinga. Nifanyeje, na kodi je? (Msomaji, Nyegezi)

JIBU: Dada, shughulikia amri kwanza, deni la wakili lisubiri. Hukumu ya talaka peke yake hailazimishi mfuko kukulipa. Inahitajika amri maalumu ya mahakama ya kugawa akiba hiyo, iitwayo QDRO, na kabla haijaufikia mfuko, mwenye akiba anaweza kukopa, kutoa fedha au kufariki.

Jalada lisikukwamishe. Nakala ya hukumu iliyothibitishwa utaipata kwa karani wa mahakama iliyotoa talaka, na msimamizi wa mfuko ana utaratibu wa maandishi, mara nyingi pamoja na kielelezo cha amri. Wakili mwingine wa jimbo lile anaweza kuiandika. Iwe na majina na anwani zenu wote wawili, jina kamili la mpango (jina la kampuni halitoshi), asilimia au kiasi, na tarehe ya kukokotolea. Itaje pia kama faida na hasara tangu tarehe hiyo zinakuhusu, na kama mkopo aliochukua kwenye mfuko huo unapunguzwa kwenye hesabu kabla ya kugawana. Amri ikinyamaza hapo, ndipo watu hupunjwa. Omba mfuko usome rasimu kabla jaji hajasaini.

Kuhusu kodi, mlipakodi wa fungu lako ni wewe. Kwa kuwa si mkaazi, na Marekani na Tanzania hazina mkataba wa kodi, tarajia zuio la 30%, yaani kodi inayokatwa kabla hujalipwa. Fomu yako ya kueleza kwamba si mkaazi wa Marekani ni W-8BEN. Adhabu ya 10% ya kutoa fedha kabla ya miaka 59 na nusu haikuhusu, mradi zitoke moja kwa moja kwenye 401(k) kwa QDRO. Ukizipitisha kwanza kwenye IRA, yaani akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni, nafuu hiyo imekwisha. Kwa hiyo chukua za kiwanja kwanza, zilizobaki ndizo zihamie IRA, ambako hazitozwi kodi hadi uzitoe. Na mume wako wa zamani asikwambie “nitatoa mimi nikutumie”: kodi na adhabu zitamwangukia yeye, kisha atakukata wewe.

Sasa wakili. Majimbo mengine humruhusu kushikilia jalada, mengine humkataza. Mdai kwa maandishi ankara yenye kila kazi na saa zake, uilinganishe na mkataba mliosaini. Malipo ya awali yasiyofanyiwa kazi hurudishwa. Akidai asilimia ya mali uliyopata katika talaka, hilo kanuni za uwakili huko hulikataza. Asikushawishi pia alipwe moja kwa moja na mfuko: QDRO humlipa mwenzi, aliyekuwa mwenzi, mtoto au mtegemezi tu. Mkishindwana, chama cha mawakili cha jimbo huwa na usuluhishi wa ada. Peleka ankara, mkataba na barua zako zote pamoja.